Maji ya Mbao za Chuo

Juma lililopita mjukuu wangu wa mwisho alikuja kunisalimia kutoka Korogwe, na mkononi alikuwa amebeba nyumba. Ilikuwa nyumba ya boksi, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, kazi aliyopewa shuleni. Alipokwisha kunipa shikamoo alinilalamikia hata kabla hajakaa.

"Bibi, wenzangu wanasema nyumba yangu ni keki."

Nikaivalia miwani. Ilikuwa keki kweli. Kuta za waridi, paa jekundu, kila kitu kinang'aa, hakuna kivuli hata chini ya upenu. Nikamwambia alete rangi yake nyeusi, na bakuli la maji. Nikaizimua rangi ile kwa maji mpaka ikawa nyepesi kama chai ya mkandaa iliyochujwa mara ya pili, nikaipitisha ukutani kwa burashi, nikahesabu mpaka kumi, nikafuta kwa pembe ya kanga. Rangi ikabaki pale inapotakiwa kubaki, kwenye mikunjo na pembeni mwa madirisha, na ukuta ukawa ukuta wa nyumba iliyonyeshewa mvua miaka mingi.

"Bibi! Imekuwa ya kweli!"

Mimi mkono ulikuwa ukinitetemeka. Mtoto akadhani ni uzee, akanishika kiwiko kwa huruma. Sikumweleza. Lakini wewe nitakueleza, kwa kuwa umekaa nami na huna haraka. Haukuwa uzee. Ulikuwa woga wa zamani, wa wakati nilipokuwa na miaka kumi hivi, na nilishangaa kuona kwamba bado upo mzima.

Nilikulia upande wa Sindeni, wakati Mwingereza bado anatawala. Baba alikuwa akikata mkonge upande wa Korogwe, na mama na wadogo zangu walikuwa naye kambini. Tulimwona kipande chake, kadi ile ya siku thelathini za kazi, kilipokwisha, akija na harufu ya mkonge kwenye nguo, harufu ile kali isiyotoka hata ufue mara tatu. Mimi niliachwa kwa Bibi ili nisome. Bibi alikuwa Mzigua wa watu wa zamani, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Asubuhi nilichota maji, nikafagia uwanja, nikala kiporo cha ugali na mboga ya mchunga, nikaenda shule ya serikali. Adhuhuri nilirudi, nikatwanga kidogo, kisha nikajifunga ushungi nikaenda chuoni kusoma Kurani. Nilikuwa na walimu wawili. Wa shule tulimwita Mwalimu, naye alikuwa Mkristo kutoka Bonde, kijana mwembamba aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi hata siku ya vumbi. Wa chuo tulimwita Maalim, mzee wa kijijini petu, ambaye alimfundisha baba yangu na baba za wenzangu.

Chuoni tuliandika kwenye mbao kwa kalamu ya tete, na wino tuliutengeneza wenyewe. Kila nyumba ilikuwa na zamu. Zamu yetu ilipofika Bibi alipindua vyungu vyake, akakwangua masizi kwa kigae mpaka vidole vikawa vyeusi, akayasaga pamoja na gundi ya mgunga iliyolowekwa, na harufu yake ilikuwa ya moshi na ya mti. Wino huo uliandika vizuri na ulifutika vizuri. Jumatano alasiri, kabla ya mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa, tulizileta mbao zetu kwenye chungu kipana, tukaziosha moja moja kwa kiganja, na maandishi ya juma zima yakashuka ndani ya maji. Maji yale yakawa ya kijivu.

Hayakumwagwa ovyo. Nyuma ya chuo palikuwa na duara la mawe, mahali ambapo mtu hapiti wala kuku hawachimbi, na mtoto mwenye zamu aliyabeba kwa mikono miwili na kuyamwaga humo polepole. Maalim alituambia tangu siku ya kwanza, "Haya mkiyaona ni maji. Lakini yamebeba maneno. Msiyatie mguu, wala msiyapeleke pachafu." Akina mama wengine waliyaomba kidogo kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Sisi tuliyaogopa kama tulivyoiogopa mbao yenyewe, maana aliyeiangusha mbao aliibusu na kuiweka kichwani, na moyo ukamdunda mpaka jioni.

Basi mwaka mmoja amri ikatoka boma la Handeni. Bwana Afya alikuwa akizunguka vijijini akihimiza watu wachimbe vyoo na mashimo ya taka, na watu walikuwa wakimwitikia mbele yake na kumcheka akishaondoka. Ikasemwa kwamba kutakuwa na maonyesho, na kila shule ilete kijiji safi kilichotengenezwa kwa udongo, kidogo cha kuwekwa juu ya meza. Shule itakayoshinda itapewa mpira wa ngozi.

Mpira wa ngozi! Sisi tulicheza mpira wa matambara uliofungwa kamba ya mkonge, ambao ukinyeshewa ulikuwa mzito kama jiwe la mafiga. Wavulana hawakulala. Wakachukua udongo wa kichuguu, ambao haupasuki upesi, wakafinyanga nyumba na mazizi ya ng'ombe na kisima. Kijiji kilikaa juu ya ubao mmoja mpana, kikiwa na msikiti wake, shule yake, chuo cha Maalim chenye kibaraza, na nyuma ya shule shimo la taka. Choo kilikuwa kimoja tu, cha shule, kimeezekwa, kina mlango, kirefu kama kidole changu cha kati. Mapaa tuliyachora kwa mwiba, mstari kwa mstari, yafanane na nyasi. Kila kitu kilianikwa kivulini, kisha kikapakwa chokaa iliyotiwa gundi ili maji yasiingie udongoni.

Kilipokauka Mwalimu alikitazama akakunja uso. Kilikuwa cheupe chote. Mistari ya nyasi haikuonekana, milango haikuonekana, ukikaa mbali uliona rundo la mayai.

Ndipo akatufundisha maji ya wino. Alichukua wino wa unga wa shule, akauchanganya mwepesi, akachovya unyoya wa kuku, akaugusisha kwenye paa. Wino ukakimbia wenyewe ndani ya mistari, kana kwamba ulikuwa unajua njia. Kisha akafuta juu kwa kitambaa, weupe ukarudi juu na weusi ukabaki chini, na paa likawa la nyasi. Darasa zima tulisema "Aaa!"

Lakini haikuwa kazi ya kila mtu. Ukitia wino mwingi unatuama na ukikauka unaacha pete chafu ukutani. Ukichelewa kufuta umeharibu. Ukifuta kabla ya wakati umefuta vyote. Ukirudia kabla safu ya kwanza haijakauka, chokaa inachubuka, udongo unalainika, na nyumba inainama kama mlevi. Wavulana watatu walijaribu, nyumba tatu zikalia machozi meusi. Nilipojaribu mimi, sijui kwa nini, mkono ulitulia. Pengine kwa sababu ya kuandika mbao.

"Wewe," akasema Mwalimu. "Kijiji ni chako. Wengine wafinyange, wewe upake."

Akanipa kidau kimoja cha wino. Kimoja tu. Mwingine ulikuwa wa kuandikia shule nzima mpaka mwisho wa muhula, na hakuwa na ruhusa ya kuugusa.

"Utatosha ukiuzimua," akaniambia. "Usiuharakishe. Uguse, uache uende, ufute."

Siku ya Jumanne ya juma la maonyesho nilikuwa nimepaka nusu. Lori la kutupeleka Handeni lilikuwa lije Jumamosi asubuhi. Mwalimu aliniruhusu nichukue nyumbani nyumba nne ambazo hazijagandishwa ubaoni nizimalizie mchana, nami nikaziweka kwenye ungo kibarazani, kidau pembeni, nikaingia ndani kutafuta kitambaa. Nilisikia kishindo kidogo. Nilipotoka, mbuzi wa jirani alikuwa amesimama na unyoya wangu mdomoni, anautafuna taratibu akinitazama, na kidau kimelala ubavu, na wino wote umenywewa na mavumbi ya uwanja.

Sikulia. Nilichukua ufagio nikafagia doa lile mpaka ardhi ikawa nyekundu tena. Nilifanya hivyo kabla sijafikiri, na ndivyo lilivyoanza kosa langu, maana kama ningeliacha pale likaonekana, lingejieleza lenyewe. Usiku Bibi aliniuliza kwa nini sili. Nikasema nimekula maboga kwa jirani.

Kesho yake, Jumatano, chuoni ilikuwa zamu yangu ya kumwaga.

Nakumbuka nilisimama nyuma ya chuo na chungu mikononi, duara la mawe mbele ya miguu yangu. Nikayatazama maji. Yalikuwa ya kijivu, mepesi, hayana chembe, yana gundi ndani yake. Yalikuwa maji ya wino yaliyozimuliwa vizuri kuliko ya Mwalimu. Mtu mzima asiyejua asingeweza kuona tofauti. Mimi niliijua, na ndiyo maana nilianza kujipa hoja. Nikajiambia shule pia ni elimu. Nikajiambia nitaanza na msikiti. Nikajiambia udongo wa kichuguu ni safi. Kwenye kisima cha chuo, hapo karibu, palikuwa na kibuyu changu cha kuchotea. Nikakijaza, nikamwaga yaliyobaki ndani ya mawe polepole kama tulivyofundishwa, na nilipopita mbele ya Maalim nilikuwa nimekifunika kibuyu kwa ushungi.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, Maalim."

"Mungu akubariki."

Dua ile ilinifuata njia nzima. Nilitamani angenichapa.

Kweli nilianza na msikiti, kisha chuo, na nilivipaka vizuri kuliko vyote. Alhamisi, siku isiyo na chuo, nilibaki shuleni mchana kutwa. Kazi ile ina utamu unaokusahaulisha. Unagusa, unaona mstari unaamka, unafuta, unahamia nyumba nyingine mpaka ya kwanza ikauke. Wenzangu walikaa kunizunguka, wakinipepea nzi, wakinipa mahindi ya kuchoma. Mwalimu akapita akasema, "Choo cha shule ukitie nguvu zaidi. Ndicho atakachokitazama Bwana Afya." Basi nikakitia nguvu. Nilikipa safu tatu. Nyasi za paa zikaonekana moja moja, mlango ukawa na mbao zake, na chini ya ukuta nikaacha unyevunyevu mweusi kama ule wa choo chenyewe. Kibuyu kikaisha humo na kwenye shimo la taka lililokuwa pembeni yake.

Msichana mwenzangu, mcheshi wa darasa, akainama akakitazama kwa karibu, kisha akajibana pua.

"Jamani, huyu kapaka mpaka harufu! Choo kinanuka mpaka huku!"

Wote wakacheka. Na mimi nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nicheke, ndipo nikaelewa nilichokuwa nimefanya.

Sitaweza kukueleza vizuri. Maneno tuliyoyaandika juma lile, tuliyoyasoma kwa kuyumba huku na huku mpaka yakaingia kifuani, nilikuwa nimeyachukua kwa unyoya wa kuku na kuyapaka chooni. Safu tatu, kwa bidii, huku nakula mahindi. Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta. Mwenzangu akanishika mkono. "We! Unaharibu!" Na kufuta hakukusaidia. Wino ulikuwa umekwisha kuingia kwenye mistari, na kazi ya maji ya wino ndiyo hiyo, hayatoki.

Tangu hapo kila kitu nilikiona ni jibu la Mungu kwa kosa langu. Nilipofika nyumbani nilimkuta Bibi amekaa chini, mguu umenyooshwa. Alikuwa amechomwa na mwiba shambani. Ijumaa asubuhi mguu ulikuwa umevimba mpaka kifundo hakionekani. Jirani, yule mwenye mbuzi, alikuja na majani ya kukanda, akautazama mguu, akatikisa kichwa.

"Mwiba tu hauvimbishi hivi, mama. Mguu huu una jambo."

Nilikuwa nashikilia sufuria ya maji ya moto. Nikaiweka chini, nikaanza kulia kwa sauti, mpaka jirani akatoka haraka akidhani nimeungua.

Nilimweleza Bibi kila kitu, kuanzia mbuzi. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Nilipofika kwenye choo alininyanyulia mkono.

"Umeyapaka chooni?"

"Choo cha udongo, Bibi. Kidogo. Kama kidole."

"Choo ni choo."

"Ndiyo, Bibi."

"Na Maalim anajua?"

"Hajui."

"Nipe fimbo."

Nikadhani ni ya kunichapa. Nikamletea huku nimefumba macho. Akaishika, akajisukuma nayo akasimama, akajifunga kanga. "Twende. Na ukome kuutazama mguu wangu namna hiyo. Mwiba ni mwiba. Umeingia kwa sababu sikutazama nilipokanyaga."

Tulimkuta Maalim amerudi kutoka msikitini, anakula ndizi za kuchemsha na maharage. Bibi alimwamkia, akakataa kukaa, akaniambia mimi niseme. Nikasema. Maalim aliacha kula. Akanawa, akajifuta mkono.

"Ulipoyachukua, ulijua ni nini?"

"Nilijua, Maalim."

"Ungesema hukujua, ningekuamini. Mbona hukusema hivyo?"

Nilisema tu, "Kwa sababu nilijua."

Akavaa kofia yake. "Nipelekeni nikakione hicho kijiji."

Njiani sikuogopa tena moto wa Jehanamu. Nilimwogopa Mwalimu. Alikuwa amekwisha kuandika barua boma kwamba kazi imekamilika, na wavulana walikuwa wamekwisha kugawana nani atapiga mpira wa kwanza. Niliona wazi kwamba watu wawili niliowapenda watagombana mbele yangu, juu ya dini zao, kwa sababu yangu. Maalim hakuwahi kukanyaga shuleni tangu ijengwe.

"Hodi hapa."

"Karibu, mzee. Shikamoo." Mwalimu alikuwa peke yake, anapanga vifaa vya safari. Aliufuta ubao wa benchi kwa kitambaa chake cha mfukoni ili Maalim akae.

Maalim hakukaa. Aliinama juu ya kijiji, mikono nyuma, akakizunguka chote kama mtu anayetembea barabarani. Akacheka kidogo puani.

"Hiki ni chuo changu?"

"Ndicho, Maalim," nikasema.

"Na huyu aliyelala kibarazani ni nani?"

Wavulana walikuwa wamemfinyanga na kumlaza pale nilipokwisha kupaka, bila kuniambia. Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu akakohoa.

"Alale," akasema Maalim. "Mchana kuna joto." Kisha uso wake ukatulia, akaonyesha kwa kidole bila kugusa. "Na hiki?"

Hapo nilirudia kusema yote mara ya tatu, sasa kwa Mwalimu. Nilimweleza hata kidau. Aliposikia nilifagia doa alifumba macho kidogo. Maalim akamweleza kwa upole maji yale ni maji gani, na yanamwagwa wapi, na akasema nyumba na msikiti na chuo yeye hana neno navyo, ni mahali safi pa watu. Lakini choo kile, na shimo la taka pembeni yake, haviwezi kupanda lori namna ile.

"Mzee," akasema Mwalimu, "wanachokuja kukitazama ni hicho. Bila choo, tunapeleka nini?"

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja mimi mwenyewe, sikutuma mtu."

Niliyaangalia magoti ya Mwalimu na ile kaptula yake iliyonyooka, na nikajua kwamba kwa neno lake moja jambo litakwenda huku au kule, na mimi nitakuwa ndani yake maisha yangu yote.

"Kwetu kanisani," akasema mwisho, "maji tuliyombatizia mtoto hatuyamwagi barabarani. Kuna mahali pake. Nilikuwa mtumishi wa altareni, nilikatazwa hata kuyarusha dirishani. Siku moja niliyarusha." Akatoa kisu mfukoni.

Alikata udongo kuzunguka choo kwa uangalifu, kama mtu anayetoa mche, akakiweka kwenye bakuli. Kisha shimo la taka. Palibaki mabaka mawili matupu kwenye ubao.

Tukaenda wote nyuma ya chuo, Bibi akichechemea. Maalim aliniamuru niviweke choo na shimo lile ndani ya duara la mawe kwa mikono yangu, nivimwagie maji. Chokaa ilitoka kwanza. Kisha ukuta mmoja ukalegea, mlango ukaingia ndani, na udongo wa kichuguu ukaenda chini na wino wake, mwekundu na mweusi pamoja. Paa lilikataa kwa muda. Lilikaa juu ya tope na mistari yake yote ya nyasi, kazi nzuri kuliko zote nilizopata kufanya kwa mkono wangu, mpaka nilipolimwagia tena.

"Sasa omba msamaha," akasema Maalim, "na ukishaomba, usiende kila siku kumkumbusha Mungu. Yeye hasahau, na wala hahitaji kelele zako."

Jioni ile Mwalimu na wavulana wawili, ambao aliwaambia tu kwamba cha kwanza hakikufaa, walifinyanga choo kingine, lakini udongo haukauki kwa saa chache. Asubuhi kilikuwa kimepasuka katikati. Lori likaja. Tukapanda tukiwa tumekishikilia kijiji kwa mikono minane, tukapita Misima na ukungu bado uko chini, nami kila lilipotikisika niliomba kimoyomoyo kiharibike chote, ili tusifike.

Tulifika salama. Pale Handeni meza zilikuwa nyingi, na nitasema ukweli bila kujisifu, hapakuwa na kijiji kilichofanana na chetu. Watu walisimama. Mzungu mmoja mwanamke aliita wenzake waje waone mapaa. Bwana Afya alifika na karatasi yake, akatabasamu, akainama, akatafuta kwa macho, akatafuta tena nyuma ya shule.

"Choo kiko wapi, Mwalimu?"

"Kilikuwapo, Bwana. Nimekiondoa."

"Umekiondoa? Kwa nini?"

"Hakikufaa, Bwana. Kosa ni langu."

Bwana Afya alimtazama kama mtu aliyetaniwa. Akaandika neno moja, akahamia meza ya jirani, ambako nyumba zilikuwa nyeupe kama mayai na choo kilikuwa kikubwa kuliko msikiti. Wao ndio waliopewa mpira.

Tuliporudi lorini wavulana hawakusema na Mwalimu. Kabla hatujavuka Misima mmoja alikuwa amekwisha kumtungia jina, "Mwalimu Porini", kwa maana kijiji chake hakina choo na watu wake hujisaidia porini. Walinong'ona kwanza, kisha wakasema kwa sauti. Mwalimu alikaa mbele karibu na dereva, mgongo umenyooka, na alisikia. Jina lile lilienea. Mwaka wote uliofuata hata watu wazima waliolikuta tu hawajui lilikotoka walilitumia, na Maalim alipolisikia likitamkwa mbele yake aligomba, lakini hakueleza sababu. Alikuwa ananisubiri mimi nieleze.

Sikueleza. Mbele ya wakubwa nilikuwa nimesema mara tatu kwa siku moja. Mbele ya wenzangu mdomo ulikataa kila mara. Nilijiambia nitasema mpira wa matambara ukichanika. Nikajiambia baada ya mavuno. Kisha Mwalimu akahamishwa, wakasema amepelekwa upande wa Kabuku, wengine wakasema kwao Bonde. Alipokuja kutuaga alitupa mkono mmoja mmoja. Aliponifikia aliugeuza mkono wangu, akatazama vidole kuona kama vina wino, akatabasamu, akaenda kwa mwingine. Bibi aliniambia jioni, "Leo ndiyo ilikuwa siku." Mguu wake ulikuwa umepona zamani.

Chuo kile sasa ni uwanja wa mtu, pana nyumba ya bati na banda la kuku. Watoto ninaowasomesha mimi Kurani wanaandika kwenye daftari, na daftari likiisha wanaliweka kabatini, hawajui kuosha mbao. Wino wa masizi siku hizi hakuna anayeusaga. Maalim alikufa mkonge ukiwa bado una bei. Wale tuliokuwa lorini tumebaki wachache, na tukikutana msibani bado yupo anayesema kwa kicheko, "Unamkumbuka Mwalimu Porini?"

Kwa miaka mingi nilicheka nao. Mwaka jana, kwenye arobaini ya mmoja wetu, niliacha kucheka, nikawaambia ni mimi. Niliwaeleza yote, na mzee aliyelitunga jina lile akakiweka chini kikombe chake cha kahawa. Kisha akauliza Mwalimu alizikwa wapi. Hakuna aliyejua. Tuliulizana jina lake kamili, ili angalau tumtaje katika dua, na katika sisi wazee watano, tuliosoma kwake miaka mitatu, hakuna aliyelikumbuka ila lile tulilompa sisi.